Santuri au faili: kipi usikilize kwenye hedifoni nzuri?

Weka santuri, shusha sindano, vaa hedifoni, tulia. Katika ule ukimya wa kabla ya wimbo, tega sikio vizuri. Utasikia noti ya kwanza kwa mbali sana, kama mtu anayeimba nyumba ya tatu, kisha kimya, kisha wimbo wenyewe unaingia kwa nguvu zake zote. Nilipousikia mzimu huo mara ya kwanza nilidhani amplifaya imeharibika. Wapi! Santuri inayozunguka mara 33⅓ kwa dakika humaliza mzunguko mmoja kwa sekunde 1.8, kwa hiyo mfuo (ule mtaro mwembamba anamopita sindano) wenye wimbo unapita ubavuni mwa mfuo wenye ukimya. Ukuta wa mmoja ukisukumwa na sauti kubwa, wa jirani unabonyea kidogo, na sindano haina adabu ya kufumbia macho mambo ya jirani. (Ukiusikia mzimu huo hata kwenye CD, basi haukutoka kwenye santuri, ulizaliwa kwenye tepu ya studio, ambako sauti huvuja kutoka mkunjo mmoja wa utepe hadi mwingine.)

Kwenye spika kitu kama hicho hufa njiani. Feni, magari, watu wa chumba cha pili, vyote vinakifunika. Kwenye hedifoni huna pa kukikimbilia, na ndiyo maana ulinganisho wa santuri na dijitali unageuka sura mara tu spika zinapozimwa.

Ninaposema faili hapa nina maana ya dijitali isiyopunguzwa kitu: CD yenyewe, au faili la FLAC au ALAC (aina mbili zinazohifadhi muziki bila kupoteza chochote) lililotokana nayo, au huduma ya mtandaoni inayoleta muziki bila kuubana. Na hedifoni nzuri si lazima ziwe za gharama. Namaanisha zenye waya, zinazokaa sawasawa kichwani, na zilizopewa amplifaya inayoziweza. Zangu ni Sennheiser HD 600, za mgongo wazi, za omu 300 (zinadai amplifaya yenye nguvu kidogo), nazo zimeshakula chumvi nyingi.

Msimamo wangu niuweke wazi mapema: kwa sauti peke yake faili linashinda, na si kwa kubahatisha. Ila ile tofauti kubwa inayowafanya watu waapie santuri mara nyingi haitoki kwenye santuri. Nitafika huko.

Ukimya, na vinavyoishi ndani yake

CD ilipoingia sokoni mwaka 1982, kazi ya Sony na Philips, ilikuja na biti 16, yaani tarakimu 16 za 0 na 1 kwa kila kipimo cha sauti. Maana yake ni takriban desibeli 96 (kipimo cha ukubwa wa sauti) kati ya sauti kubwa kuliko zote inayoweza kubeba na kelele yake yenyewe ya chinichini. Santuri iliyotengenezwa vizuri, ikawa safi, hufika desibeli 60 hadi 70. Kwa karatasi pengo hilo ni kubwa mno. Kwa masikio inategemea unasikiliza nini. Wimbo wenye ngoma na besi tangu mwanzo hadi mwisho haukaribii hata nusu ya nafasi hiyo, na ukiufungua kwa sauti ya kawaida hutaona upungufu wowote kwenye santuri hadi wimbo uishe.

Sasa chukua piano peke yake. Mpigaji anaachia noti ya mwisho, anakanyaga pedali, anangoja. Kwenye faili unaifuata ile noti ikipungua, ikipungua, unasikia kiti kinalia, unasikia pedali inaachiwa, hapo ndipo unajua imeisha. Kwenye santuri noti inatembea nusu ya njia hiyo, kisha inazama ndani ya "shwaaa" ya plastiki. Hujapoteza muziki kiasi cha kulalamika, lakini umepoteza chumba ulimorekodiwa, na hedifoni nzuri watu huzinunua kwa ajili ya chumba hicho.

Halafu kuna vumbi na mikwaruzo. Mkwaruzo mmoja unaokatisha santuri unatoa "tik" kila baada ya sekunde 1.8, kwa uaminifu wa saa ya ukutani. Kwenye spika hiyo tik iko kule. Kwenye hedifoni iko ndani ya kichwa, na mara nyingi iko upande mmoja tu. Hilo lina sababu yake. Stirio ya santuri, kwa mpango ambao Alan Blumlein, mhandisi wa kampuni ya rekodi ya EMI, aliuombea hataza mwaka 1931, huandika sauti kwenye kuta mbili za mfuo zilizoinama nyuzi 45 kila moja: ukuta wa ndani hubeba sikio la kushoto, wa nje la kulia. Tik ikilia kulia, punje ya vumbi imekaa ukuta wa nje. Siku moja nilikaa nikiwinda punje kwa mtindo huo, brashi mkononi. Nilifurahi kuliko nilivyofurahia albamu yenyewe, na hapo nikajua nina tatizo.

Upande unaanza vizuri, unaishaje?

Hili watu wa dijitali hawalijui na watu wa santuri hawapendi kulitaja. Santuri ya inchi 12 huzunguka kwa kasi ileile muda wote, lakini duara linapungua kadiri sindano inavyosogea kati. Mwanzoni mwa upande, sentimita 51 hivi za mfuo hupita chini ya sindano kila sekunde. Mwishoni ni kama 21 tu. Sauti ileile inabidi iandikwe kwenye nafasi isiyofika nusu, mawimbi ya sauti nyembamba yanabanana, na sindano inashindwa kuyafuata kona zote.

Unasikia nini? Sikiliza herufi "s" na "sh" za mwimbaji. Wimbo wa kwanza zinatoka laini. Wimbo wa tano au wa sita zinaanza kuchanika, kama mtu anapasua kitambaa mbele ya kipaza sauti. Ndiyo maana waliopanga albamu zamani walipenda kuuweka wimbo wa taratibu mwisho wa upande. Muziki wa simfoni ndio ulioonewa zaidi, kwa sababu mwingi humalizikia kwa kishindo, na kishindo kinaangukia palepale penye nafasi finyu. Sindano yenye ncha iliyochongwa vizuri na kupangwa kwa makini hupunguza tatizo, haiondoi. Faili halina mwanzo wala mwisho wa namna hiyo. Dakika ya kwanza na ya sabini ni mamoja.

Kasoro nyingine ya aina hii ni tundu la katikati kutokaa katikati. Likipotoka hata kidogo, sauti inapanda na kushuka kwa kila mzunguko. Ngoma hazikuambii. Piano na filimbi zinakuambia mara moja: noti ndefu inayumba kama taa ya koroboi kwenye upepo. Kuna watu hawasikii kabisa. Ukishaisikia mara moja lakini, basi tena.

Ngazi ambazo hazipo

Upande wa dijitali nao una hadithi yake ya uongo, nayo inachorwa sana: wimbi laini la santuri upande huu, ngazi za vipande vya dijitali upande ule. Mchoro mzuri, ila si kweli. CD hupima sauti mara 44,100 kwa sekunde, na hesabu za wahandisi Nyquist na Shannon zilishaonyesha kabla CD haijaotwa kuwa vipimo hivyo vinatosha kulirudisha wimbi zima, si makadirio yake, mradi halina masafa (mitetemo kwa sekunde) yanayozidi nusu ya idadi hiyo. Nusu yake ni 22,050. Sikio la kijana mwenye afya linakomea karibu 20,000, la mtu mzima hushuka chini ya hapo kila muongo. Kinachotoka kwenye kigeuzi (kifaa kinachogeuza namba kuwa sauti) na kuingia kwenye waya wa hedifoni ni wimbi laini kama la santuri, tena bila vumbi.

Je, mafaili makubwa zaidi, ya biti 24 na 96 kHz au 192 kHz (vipimo 96,000 au 192,000 kwa sekunde)? Kwa anayerekodi yana faida ya wazi, yanampa nafasi ya kukosea. Kwa anayesikiliza, sijaisikia faida hiyo na siko peke yangu. Mwaka 2007 E. Brad Meyer na David Moran walichapisha kwenye jarida la Audio Engineering Society, chama cha wahandisi wa sauti, jaribio ambalo muziki wa ubora wa juu ulipitishwa, au haukupitishwa, kwenye kichujio cha kiwango cha CD, na wasikilizaji wakaambiwa wataje ni lini. Katika majaribio 554 walipatia 276. Ungerusha sarafu ungepata hivyo hivyo. Hata MP3, faili lililobanwa, ya kilobiti 320 kwa sekunde huwashinda wengi kuitambua, mimi nikiwemo siku nyingi. Kwa hiyo ukichagua upande wa dijitali, usiumize kichwa na namba zinazozidi za CD.

Mkono wa fundi

Sasa tufike kwenye kiini. Mtu anasikiliza albamu anayoipenda mtandaoni, kisha anaisikia kwenye santuri, anakuta ngoma zinapumua, mwimbaji ana nafasi, hakuna kinachomchosha. Anasema: santuri bwana! Amesikia tofauti ya kweli, lakini amemsifia asiyehusika.

Kabla wimbo haujatoka, hupitia kwa fundi wa mastaringi, anayesawazisha sauti zake na kuamua upigwe kwa ukubwa gani. Kuanzia miaka ya 1990 kampuni za muziki ziliingia kwenye mashindano ya kelele: kila CD ilitakiwa isikike kubwa kuliko ya jirani. Njia ni moja tu, kuminya. Sauti ndogo zinapandishwa, vilele vinakatwa, mwishowe mnong'ono na kishindo vinalingana. Kwenye gari unaweza usijali. Kwenye hedifoni nzuri unachoka kabla ya wimbo wa nne bila kujua kwa nini.

Ushahidi ninaoupenda ni wa mwaka 2008. Mashabiki wa bendi ya Metallica waliona CD ya Death Magnetic imeminywa mpaka inakwaruza. Nyimbo zilezile zilikuwa pia ndani ya mchezo wa Guitar Hero, na huko hazikuminywa hivyo. Zilisikika safi zaidi kwa mbali. CD ni dijitali. Mchezo wa video ni dijitali. Kilichobadilika ni mkono wa fundi tu.

Santuri wakati mwingine hunufaika hapa kwa sababu ya udhaifu wake. Besi nene ya upande mmoja inaweza kuirusha sindano nje ya mfuo, na sauti nyembamba kupita kiasi haichongeki vizuri, kwa hiyo mchongaji hulazimika kuwa mpole: anaileta besi katikati, anapunguza makali. Tena upande ukizidi dakika 22 hivi, lazima sauti nzima ishushwe ili mifuo ienee. Wakati mwingine hupewa mastaringi yake kabisa, yenye nafasi ya kupumua. Lakini wakati mwingine kinachochongwa ni faili lilelile la CD, na hapo umelipia plastiki. Usidanganywe na vipimo vinavyoonyesha santuri ina tofauti kubwa zaidi ya sauti ndogo na kubwa: kupita kwenye katriji (kile kichwa kinachoishika sindano) peke yake huvuruga mpangilio wa wimbi kiasi cha kuvipandisha vilele, na kipimo kinasoma juu hata kama chanzo ni kimoja.

Na kama bado unaamini sikio linaweza kuinusa dijitali popote ilipojificha, kumbuka yaliyotokea mwaka 2022. Ilibainika kuwa Mobile Fidelity, kampuni ya Marekani inayoheshimika kwa matoleo ghali ya santuri, ilikuwa ikitumia hatua ya dijitali kwenye santuri nyingi ambazo wanunuzi waliamini zimetoka kwenye tepu moja kwa moja. Watu wenye mitambo ya kutisha walikuwa wamezisifu kwa miaka kuwa ni analogi tupu. Sauti yao ilikuwa nzuri kweli, na iliendelea kuwa nzuri baada ya habari kutoka.

Ambapo hedifoni zinaibeba santuri

Si haki kuiacha santuri bila kutaja mazuri yake. Kwenye spika, mtikisiko wa besi hurudi hadi kwenye sahani inayoizungusha santuri, sindano inausoma upya, na sauti nzima inakuwa na tope. Ukivaa hedifoni mduara huo unakatika. Kwa jambo hilo pleya ya kawaida kwenye hedifoni husikika safi kuliko pleya hiyohiyo mbele ya spika kubwa.

Pia kuna rekodi za stirio za miaka ya 1960, zile ambazo mwimbaji amewekwa kulia kabisa na ngoma kushoto kabisa. Kwenye hedifoni zinakera, kama unanong'onezewa sikio moja. Katriji haitenganishi pande mbili kikamilifu: hutenganisha kwa desibeli 25 hadi 30 hivi, wakati CD inapita 90. Ule uvujaji mdogo unalainisha makali kidogo. Kidogo, nasema, programu za kuchanganya pande mbili kwenye kompyuta hufanya kazi hiyo vizuri zaidi.

Na lile joto linaloimbwa? Lipo. Ni mchanganyiko wa upotoshaji mdogo wa sauti, besi iliyokusanywa katikati na makali yaliyopunguzwa. Kulipenda si kosa. Ila jaribu hili: rekodi santuri yako kwenye kompyuta kwa biti 24 na 96 kHz, kisha mwenzako akubadilishie kati ya santuri na rekodi yake bila kukuambia, akiwa amelinganisha ukubwa wa sauti kwa kifaa, si kwa sikio. Kulinganisha huku ni muhimu, maana sauti iliyozidi hata kwa desibeli moja husikika tamu zaidi na huharibu jaribio zima. Nimelifanya mara kadhaa, na kila mara nimeshindwa kujua ipi ni ipi. Joto lote, tik zote, na ule mzimu wa mwanzo vimeingia kwenye faili. Kulipeleka faili kwenye santuri na kulipata lilivyokuwa, hilo haliwezekani.

Vitu vya kununua, na mtego mmoja

Kwa faili unahitaji simu au kompyuta, kigeuzi kidogo cha nje kama hedifoni zako ni nzito kuendeshwa, basi. Kwa santuri safari ni ndefu. Katriji ya kawaida hutoa milivolti 5 hivi, wakati pleya ya CD hutoa volti 2, kwa hiyo lazima pawe na amplifaya ya fono kabla ya ile ya hedifoni. Kazi yake si kukuza tu. Tangu mwaka 1954 santuri huchongwa kwa kanuni ya RIAA, chama cha kampuni za rekodi cha Marekani: besi imepunguzwa, kwa karibu desibeli 20 kule chini kabisa, na sauti nyembamba zimeongezwa kiasi kama hicho kule juu. Amplifaya ya fono huyageuza hayo. Siku yangu ya kwanza niliiruka hatua hii nikachomeka pleya kwenye tundu la kawaida. Sauti ilitoka kama redio iliyofungiwa ndani ya debe, na nikawa karibu kumrudishia muuzaji pleya nzima.

Unganisha pia ule waya mwembamba wa pleya wa kupeleka umeme ardhini ("earth"). Ukiuacha unaning'inia, mvumo wa umeme utakaa masikioni jioni nzima. Sindano nayo ina uhai wa saa 500 hadi 1,000, na iliyochakaa haikuharibii wimbo wa leo tu, inakula mfuo wenyewe.

Mtego ni Bluetooth. Pleya nyingi mpya zinatuma muziki kwa hedifoni zisizo na waya, na ni raha kweli. Lakini hapo santuri imegeuzwa dijitali, ikabanwa, ikatumwa hewani, ikageuzwa tena. Umebaki na kelele za santuri na ubanaji wa Bluetooth kwa pamoja. Hedifoni nyingi za kuzima kelele hugeuza sauti ndani yake hata ukichomeka waya. Ukitaka analogi, waya na hedifoni zisizo na betri.

Basi uchague nini?

Kama kinachokuvutia ni kusikia kila kitu kilichoingia kwenye kipaza sauti, hasa muziki wa taratibu, piano, kwaya, simfoni au sauti moja yenye gitaa, nenda na faili bila kusitasita, na fedha uliyotenga kwa pleya iongeze kwenye hedifoni. Ndizo zitakazobadilisha sauti kuliko kitu kingine chochote.

Kama unapenda albamu moja moja, umetafuta matoleo yake, na umegundua lile la santuri lina mastaringi bora, nunua santuri hiyo. Umechagua toleo, na hiyo ni sababu nzuri kuliko kuchagua plastiki. Wakati mwingine utafutaji huohuo utakupeleka kwenye CD ya zamani ya miaka ya 1980, ya kabla ya mashindano ya kelele, inayouzwa kwa bei ya bure kwa sababu hakuna anayeitaka.

Ukipenda kushika jalada, kugeuza upande, kukaa dakika ishirini bila kugusa simu, hilo nalo halihitaji kibali cha mtu. Ila usilitetee kwa desibeli.

Bado kuna zile santuri ambazo hazikupata kutolewa kwa dijitali kabisa. Hizo hazina mpinzani. Zioshe, ziache zikauke, weka sindano nzima, na urekodi mara ya kwanza kabisa unapozipiga baada ya kuosha, kabla vumbi jipya halijatua. Programu kama Audacity inatosha. Ina hata kitufe cha kufuta tik. Mimi nikishaona kinaanza kula na ncha za ngoma, huwa naghairi, naziacha tik zilie kila sekunde 1.8.